Si ndege tu: wachoraji watatu wa Hangar na majina yao



Leo ninaandika juu ya ndege. Si ndege ya kupanda pale Luano, hapana. Ni ndege wenye manyoya na mdomo, wale waliochorwa hapa Lubumbashi wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, wakavuka bahari, wakatundikwa ukutani Ulaya.

Sisi tuliosoma historia tuna tabia moja. Mtu akituuliza uchoraji wa Katanga unatufundisha nini juu ya zamani zetu, tunakimbilia Tshibumba Kanda Matulu. Na tuna haki. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea Johannes Fabian tablo 101 za historia ya Zaire, na wakaziongelea katika Kiswahili chetu cha huku. Kitabu kilichotoka humo kilichapishwa mwaka 1996. Ndani yake kuko Lumumba, kuko askari, kuko migodi na damu. Hiyo ni historia, hata mtoto anaona. Lakini ukitaja wachoraji wa Hangar, waliomtangulia kwa zaidi ya miaka 20, jibu linakuwa fupi: "Bale balikuwa banachora bandege tu."

Ile "tu" njo inanisumbua. Ninataka kuonyesha kwamba tablo za ndege za Hangar ni historia sawa na zile za Lumumba, na kwamba kinachotuzuia kuiona si ndege. Ni namna wachoraji wale walivyoonyeshwa: siku zote pamoja, siku zote chini ya jina la kikundi, kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Tukijifunza kuwatazama vizuri katika maonyesho ya pamoja, tutaona kwamba kila mmoja alikuwa na mkono wake na njia yake. Na mwanahistoria anaanzia kwa mtu mwenye jina.

Mwanzo haukuwa Elisabethville

Watu wengi wanafikiri uchoraji wa karatasi katika nchi yetu ulianza na Hangar. Sivyo. Turudi nyuma miaka 20, mpaka Bukama, pale reli ya kutoka kusini ilipokutana na mto Lualaba. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zilizopambwa kwa picha ukutani. Aliuliza nani amechora. Akaonyeshwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za tembo. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, juu ya sababu rahisi: picha ya ukutani mvua inaila, karatasi inaweza kusafiri.

Na Lubaki hakuwa peke yake. Mke wake, Antoinette Lubaki, alichora pia, na leo anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kongo ambao kazi yao ya uchoraji inajulikana kwa jina. Baadaye, upande wa Kasai, Thiry alimkuta Djilatendo, aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Katika karatasi zao tunakuta ndege, wanyama, miti, watu, na hata mambo mapya ya wakati ule. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. Wenyewe hawakuwepo.

Shikeni jambo hilo. Karatasi ilisafiri, mchoraji alibaki. Baada ya miaka michache wazungu wale waliacha kununua, na alama za wachoraji hao zinapotea katika maandishi. Leo ukifungua katalogi nzuri ya Ulaya utakuta mwaka wa kuzaliwa wa Albert Lubaki umeandikwa kwa kukisia, na mahali pa mwaka wa kufa pamebaki wazi. Karatasi zake zilitunzwa vizuri sana, bila vumbi, bila mchwa. Mtu aliyezichora hakutunzwa namna hiyo.

Hangar ya mwaka 1946

Sasa tuje mjini. Mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyezaliwa Brest mwaka 1887, askari wa zamani wa jeshi la majini na mchoraji pia, alifungua atelye Elisabethville. Ilijulikana kwa jina la Hangar, neno ambalo wote tunalijua: jengo kubwa la kuwekea vitu. Humo walikusanyika vijana na watu wazima, akawapa rangi na karatasi, lakini akakataa kuwafundisha kuchora kizungu. Hakuwaweka mbele ya sanamu za Ugiriki. Hakuwafundisha kanuni ya Ulaya ya kuonyesha umbali, ile ya barabara inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda. Aliwaambia watazame mazingira yao na watafute katika kumbukumbu yao wenyewe.

Walikuwa wengi, lakini watatu njo wamejulikana zaidi.

Wa kwanza ni Bela, anayeitwa pia Bela Sara. Hakuwa Mkatanga, hata Mkongomani hakuwa kwa kuzaliwa. Alitoka kwa watu wa Sara, upande wa nchi tunayoiita leo Chad, na alifika huku pamoja na Romain-Desfossés kama mtumishi wake wa nyumbani. Alichora kwa vidole. Anachovya ncha ya kidole katika rangi, anagusa karatasi, anagusa tena, mpaka majani na manyoya na magamba yanatokea kutoka katika alama za vidole. Ukisogea karibu na tablo yake, huoni ndege tena. Unaona ngozi ya kidole cha mtu.

Wa pili ni Pilipili Mulongoy. Alizaliwa mwaka 1914, akafariki mwaka 2007, kwa hiyo kuko watu wengi kati yetu walioishi naye katika mji mmoja bila kujua. Alitoka katika familia ya wavuvi, na maji yamejaa katika kazi yake: samaki, mamba, nyoka, ndege wa kando ya maji. Yeye hakutumia kidole, alitumia brashi, na alama yake ni nukta na vimistari vidogo vinavyojaza nyuma yote ya picha, hakuna mahali pa kupumzika. Mara nyingi kuko hadithi ya chakula: ndege anamlisha mtoto wake, huku nyoka anapanda mti kwenda kuwala wote wawili.

Wa tatu ni Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1999. Mwenze hachori nukta. Anachora mistari mifupi, imepangwa upande kwa upande, rangi moja karibu na nyingine, hasa nyekundu, kahawia na njano ya udongo. Mnyama wake ao muwindaji wake anaonekana kana kwamba amefumwa kama kitambaa cha rafia. Mpaka kati ya mwili na majani hauonekani kwa mstari mweusi. Unauona kwa sababu mistari imegeuka upande.

Kidole, nukta, mstari. Atelye ileile, rangi zilezile, mkubwa yuleyule, mwanga uleule wa Katanga, na njia tatu ambazo huwezi kuzichanganya hata usiku kwa taa ya simu. Hilo lingetosha kumaliza mazungumzo yote juu ya "mtindo wa Kiafrika" kana kwamba ni mmoja. Lakini halikuyamaliza. Tablo hizo zilipopelekwa nje, katika maonyesho ya Ulaya na Marekani, jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la atelye, ao la mji, "shule ya Elisabethville", na nyuma yake jina la mzungu aliyeianzisha. Majina ya wachoraji yalikuja mwisho, kama orodha ya wapagazi.

Mkubwa mwenye sura mbili

Hapa ni lazima tuongee kwa haki juu ya Romain-Desfossés. Kuko wanaomwona kama baba wa sanaa yetu, na kuko wanaomwona kama mkoloni wa kawaida aliyevaa nguo ya msanii. Mimi ninaona mambo mawili katika mtu mmoja, na siwezi kutupa moja.

Jambo la kwanza: alikataa kuharibu mkono wa mtu. Wakati ule, shule za wamisioni zilifundisha kunakili. Yeye alisema hapana. Bila ile "hapana", pengine Bela angefundishwa kunawa vidole na kushika penseli, na tusingekuwa na kitu cha kuongelea leo.

Jambo la pili: aliwaita watoto wake. Pilipili alikuwa na zaidi ya miaka 30. V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, aliyeongelea atelye hii katika kitabu chake *The Idea of Africa* cha mwaka 1994, alionyesha vizuri fikra iliyokuwa nyuma yake: mwalimu aliamini kwamba ndani ya watu hawa kumelala kumbukumbu ya kale sana, na kazi yake ni kuilinda isichafuliwe na mambo ya kisasa. Fikra hiyo inaonekana kama heshima. Lakini iangalieni vizuri. Mtu aliyeambiwa kwamba uzuri wake uko zamani, anafungiwa mlango wa leo.

Na leo ya Elisabethville ilikuwa nini? Ilikuwa shaba. Ilikuwa kambi za wafanyakazi wa Union Minière, bomba la kiwanda na moshi wake, king'ora cha asubuhi. Mnamo Desemba 1941, miaka mitano tu kabla ya Hangar, wafanyakazi waliogoma kudai mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu, na makumi ya watu walikufa. Miaka mitano! Wachoraji hawa walitembea katika barabara zilezile. Walijua. Kila mtu mjini alijua.

Lakini katika tablo za Hangar, kwa sehemu kubwa, hakuna bomba la kiwanda, hakuna kambi, hakuna askari. Kuko kichaka, mto, mnyama, ngoma ya kijiji. Basi yule anayesema "bandege tu" ana hoja yenye nguvu: ndege waliruhusiwa juu ya sababu ndege hawagomi. Mzungu alipenda kununua mto usio na turbini. Hoja hiyo siikatai. Ninasema tu kwamba haimalizi jambo. Inaeleza kwa nini mnunuzi alipenda ndege. Haielezi mchoraji aliweka nini ndani ya ndege.

Wavuvi, wasayansi, na ndege mdogo wa Upemba

Ili kuona kilichowekwa ndani, tuache mji kidogo, twende kaskazini, kwenye mabonde ya maziwa ya Lualaba: Upemba, Kisale na madimbwi yote yanayozunguka. Ni nchi ya Waluba na ya wavuvi. Park ya Upemba iliundwa huko mwaka 1939. Na miaka ile ya mwanzo wa Hangar, tangu 1946 mpaka 1949, kundi kubwa la wasayansi liliongozwa na Mbelgiji Gaston-François de Witte kupitia park hiyo, likikusanya wanyama, nyoka, vyura, ndege, wadudu. Matokeo yalichapishwa kwa miaka mingi, kitabu juu ya kitabu, chini ya jina la misheni ya de Witte.

Kwa hiyo, miaka hiyohiyo, watu wa aina mbili walikuwa wanaandika viumbe vya Katanga. Kundi moja kwa bunduki, chupa ya alkoli na karatasi ya maelezo. Kundi lingine kwa kidole na brashi. La kwanza liliitwa sayansi. La pili liliitwa mapambo. Lakini mtoto wa mvuvi anapochora ndege wa maji, ameshamtazama maelfu ya mara kabla ya kugusa rangi: anasimama wapi, anakula nini, nyoka gani anapanda kwenye kiota chake, samaki gani wanaogelea chini yake. Ile hadithi ya chakula katika tablo ya Pilipili, nani anamla nani, njo kitu ambacho wanafunzi wa biolojia wanajifunza kwa mishale ubaoni. Yeye alikipata mtoni.

Nitoe mfano mmoja wa ndege, mfano unaouma. Kuko ndege mdogo wa majani, mwenye mdomo mwekundu, jamaa wa wale wanaoruka kwa makundi katika nyasi za Katanga. Wasayansi wanamwita *Estrilda nigriloris*. Alipewa jina hilo mwaka 1928 na Mmarekani James Chapin. Anajulikana kutoka mahali pamoja tu duniani: kando ya Lualaba na ziwa Upemba. Baada ya rekodi ya mwaka 1950, wataalamu walikaa miaka mingi sana bila kumrekodi tena. Pilipili, Mwenze na Bela walikuwa wanachora Elisabethville mwaka huo. Sisemi kwamba ndege huyo yuko katika tablo zao. Wao hawakuchora kitabu cha kutambulisha ndege. Ninasema kwamba wao walikuwa watu wazima na wenye macho katika miaka ya mwisho kabla ya kimya hicho kirefu juu ya ndege huyo. Kila tablo yenye nyasi na maji kutoka mikono yao ni ushuhuda wa wakati huo.

Mwingine ni ndege mfumaji wa Lufira, *Ploceus ruweti*, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1982. Makao yake yanayojulikana ni kwenye ziwa Tshangalele. Na ziwa hilo ni nini? Ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa ili kuzalisha umeme wa kuyeyushia shaba. Mgodi ulitengeneza ziwa, na ndege akajenga kiota kandokando yake. Basi ukisema ndege ni upande mmoja na historia ya migodi ni upande mwingine, ndege wenyewe wanakukatalia.

Kosa la karatasi ndogo

Sasa nije kwa jambo ambalo kwangu linafunga hoja yote. Wengi wenu munajua tausi wa Kongo, *Afropavo congensis*, ndege wa misitu yetu ya mashariki na katikati, asiyeishi porini katika nchi nyingine yoyote. Historia ya kutambuliwa kwake ni shule nzima.

Mwaka 1913, Chapin yuleyule, akiwa Ituri, aliona unyoya mmoja uliopamba kofia ya mwenyeji. Hakuweza kujua ni wa ndege gani, akauhifadhi. Miaka ikapita zaidi ya 20. Mwaka 1936, akiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa. Karatasi ya maelezo ilisema kwamba ni tausi wa India, wachanga, waliopelekwa Kongo kutoka nje. Manyoya yao yalifanana na ule unyoya wa Ituri. Kumbe ndege wetu alikuwa Ulaya miaka hiyo yote, mbele ya macho ya wataalamu, amefichwa na karatasi ndogo yenye maneno ya uongo. Hawakuweza kuamini kwamba Kongo inaweza kuwa na tausi wake, kwa hiyo wakaandika kwamba ametoka kwingine.

Na yule aliyevaa unyoya ule kofiani? Yeye alijua. Watu wake walijua. Ndege huyo "aligunduliwa" na kila mtu isipokuwa wale waliokuwa wanamla.

Sasa rudisheni macho kwa wachoraji. Karatasi ya maelezo inaweza kumficha mtu kama ilivyomficha tausi. "Shule ya Elisabethville." "Mwanafunzi wa Romain-Desfossés." "Mchoraji wa Kongo, karibu 1950." Hayo si uongo kama ule wa tausi wa India, lakini yanafanya kazi ileile: yanakuambia kwamba uzuri huu umetoka kwingine, kwa mwalimu, kwa kikundi, kwa zamani isiyo na tarehe. Kila mahali isipokuwa kwa mtu anayeitwa Pilipili Mulongoy.

Paris, mwaka 2015

Mwalimu alifariki mwaka 1954. Hangar haikuendelea peke yake. Watu wake waliingia katika Académie des Beaux-Arts ambayo mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha Elisabethville mwaka 1951, na Pilipili na Mwenze walifundisha humo. Muone mabadiliko: walioitwa watoto wakawa walimu. Uhuru ukaja, Katanga ikajitenga na kurudi, mji ukabadilisha jina mwaka 1966, na ladha ya wanunuzi ikahama. Watu wakataka picha za mjini, za historia, za vichekesho vya maisha. Ndege wakawa mambo ya wazee.

Halafu mwezi wa saba mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilifungua maonyesho makubwa ya pamoja, *Beauté Congo – 1926-2015 – Congo Kitoko*, yaliyoongozwa na André Magnin. Yalikusanya karibu miaka 90 ya sanaa yetu mahali pamoja. Albert na Antoinette Lubaki walikuwepo, Djilatendo alikuwepo, na watu wa Hangar walikuwepo, kabla ya kufika kwa wachoraji wa Kinshasa wa miaka ya 1970 na vijana wa leo, kama mwana wa Lubumbashi Sammy Baloji. Watu wengi walikwenda, na maonyesho yakaongezewa muda mpaka Januari 2016.

Mimi niliyaona kwa njia ya katalogi, katika biblioteki, kitabu kizito kinachopita kutoka mkono hadi mkono. Wengi wetu hatupati visa ya kwenda kutazama ndege waliochorwa karibu na nyumba zetu. Lakini hata katika kitabu kitu kimoja kilionekana wazi. Hapo kila mchoraji ana kurasa zake na jina lake juu. Unamaliza vidole vya Bela, unageuza ukurasa, unaingia katika nukta za Pilipili, unageuza tena, mistari ya Mwenze. Yaani maonyesho ya pamoja yanaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Yanaweza kumeza watu, wakawa kikundi. Ao yanaweza kuwaweka watu bega kwa bega ili tofauti yao ionekane. Tablo ni zilezile. Kinachobadilika ni namna ya kupanga, na maneno yanayoandikwa pembeni.

Hapo njo ninaona historia niliyowaahidia. Bela, mtumishi wa nyumbani kutoka Chad, ni historia ya watu waliohamishwa na kazi za wazungu kutoka koloni moja hadi nyingine. Pilipili, mtoto wa wavuvi, ni historia ya watu walioacha mto kufuata mji, wakabeba mto katika kichwa. Mwenze, na mfumo wake wa kitambaa, ni historia ya ufundi wa mkono uliokataa kufa mbele ya kiwanda. Elisabethville ilijengwa na watu wa namna hiyo, waliotoka kila upande. Tablo zao hazionyeshi kiwanda, lakini zinaonyesha kile ambacho kila mfanyakazi wa kiwanda aliacha nyuma. Mtu hachori mto kwa nguvu vile kama anaamka kando yake kila asubuhi.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, ninajua hali yetu. Wengi tuna diplome na hatuna kazi. Kuongea juu ya tablo za ndege kunaweza kuonekana kama mchezo wa waliokwisha kushiba. Lakini kuko mambo matatu ambayo hayadai fedha nyingi, na ambayo hakuna mtu wa nje atakayeyafanya kwa faida yetu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wa historia wanaotafuta kichwa cha TFC. Achaneni kidogo na vichwa vilevile. Katika mji huu kuko familia za wachoraji, majirani, waliokuwa wanafunzi wao. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 ameshapita 70. Nendeni na daftari, muwasalimu wazee vizuri, muulize kwa Kiswahili, muandike kwa Kiswahili. Tshibumba alituonyesha kwamba historia nzito inaongewa vizuri katika lugha hii.

La pili ni kwa wale wa biolojia na wa agronomia. Chukueni picha za tablo za Hangar, mukae na wavuvi wa Lualaba ao wa Lufira, muwaulize: huyu ni nani, munamuitaje, mungali munamuona? Jina la Kiluba ao la Kisanga la ndege ni maktaba ndogo. Likipotea pamoja na mzee, hakuna misheni ya sayansi itakayolirudisha.

La tatu ni kwa vijana wanaochora leo na wanaoandaa maonyesho ya pamoja, katika shule, parokia, ao salle ya komini. Jambo zuri, fanyeni. Lakini pembeni ya kila kazi muandike jina kamili la aliyechora, mahali alipozaliwa, mwaka, rangi alizotumia, na kama kuko ndege, jina la ndege katika lugha ya mahali alipoonwa. Ni mistari mitano. Albert Lubaki alikosa mistari hiyo mitano, na mpaka leo mwaka wake wa kufa ni pengo katika katalogi.

Na atakayewaambia kwamba hao ni bandege tu, muulizeni swali moja: ni mkono wa nani uliowachora? Kama hawezi kutofautisha kidole, nukta na mstari, mumuonyeshe. Inachukua dakika tano.